Safari ya Yai: Kutoka kwa Ayala wa Mfalme hadi kwa Vifaru wa Laikipia

Mchungaji aliyekulia zizini hahitaji kitabu cha kumwarifu siku ambayo mtamba wake anataka dume. Alfajiri humwona ameacha majani, anazungukazunguka, anawapanda wenzake na akipandwa husimama tuli, na chini ya mkia umening'inia uzi wa ute angavu. Basi hapo hutuma mtoto kwa mwenye fahali, au, katika zama zetu hizi, humpigia simu mhimilishaji aje na mtungi wake wa naitrojeni juu ya pikipiki. Elimu hiyo ni kongwe kuliko miji. Walakini ilikomea mlangoni. Yaliyotendeka ndani, tangu dume aliposhuka hata ndama alipoanguka majanini, yalikuwa ghaibu, na kwa kuwa ghaibu haikosi wasemaji, wenye elimu waliisemea kwa miaka takriban elfu mbili, na wengi wao walirudia neno moja: ya kwamba jike ni shamba, na mbegu ni ya dume.

Aristotle, ambaye macho yake yalikuwa makali kuliko ya wengi waliomfuata, alivunja mayai ya kuku siku baada ya siku ili aone kifaranga kinavyojijenga, lakini alipofika kwa wanyama wanaonyonyesha alisema jike hutoa damu tu, na dume huigandisha damu ile na kuipa umbo, kama kigandishi kinavyogandisha maziwa. Galen, baada yake, alikubali kuwa jike naye anazo kokwa zake zilizojificha tumboni, zenye mbegu iliyo dhaifu na baridi. Hoja hizi mbili zilizunguka Baghdad, Bukhara, Salerno na Paris, zikaandikiwa sherehe juu ya sherehe, wala hapana aliyeziamua, maana kitu kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchanga, na hakuna aliyekuwa amekiona.

Ayala wa Mfalme, 1651

William Harvey, tabibu wa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, yule yule aliyekwisha kuthibitisha kuwa damu huzunguka mwilini, alikuwa na bahati ambayo watafiti wachache wamepata kuwa nayo: bwana wake alipenda kuwinda. Ayala wa mbuga za kifalme hupandana mwezi wa Septemba, na Harvey akaruhusiwa kuwapasua majike waliouawa, wiki baada ya wiki, autafute mwanzo wa mimba. Alitazamia kukuta mbegu ya dume imekaa katika mji wa mimba ikiganda na damu, kama ilivyoandikwa. Hakukuta kitu. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, na kila mji wa mimba aliofungua ulikuwa mtupu. Watunza mbuga wakamwambia amekosea msimu, na wengine wakamcheka. Mfalme akaamuru majike kadhaa watengwe na madume, na baadhi yao Harvey akawapasua akakuta utupu ule ule, ilhali waliosalia wakazaa kwa wakati wao kana kwamba hapakuwa na jambo.

Sisi tunajua leo sababu yake, nayo ni nyepesi: kiinitete cha ayala katika majuma yale ya mwanzo ni uzi wa utando mithili ya wa buibui, na jicho tupu haliwezi kuutenga na ute. Harvey hakulijua hilo. Kitabu chake cha mwaka 1651 kilichorwa ukurasani mwa mbele Zeus akifungua yai ambamo viumbe wa kila aina wanatoka, na maneno ya Kilatini yasemayo kuwa vyote vyatokana na yai. Lakini yai lenyewe lilikuwa la kudhaniwa, na katika kueleza jinsi jike anavyopata mimba bila ya kitu kuonekana ndani yake, yule bingwa wa ushahidi alilazimika kusema mimba huingia kama maradhi ya kuambukiza yanavyoingia, au kama wazo linavyochukua mimba akilini. Sijui kushindwa kulikoandikwa kwa uaminifu zaidi ya huku, na naona kuna faida zaidi ndani yake kuliko katika ushindi wa wengi.

Delft na Königsberg, 1672 hadi 1827

Miaka 20 baadaye, kijana wa Kiholanzi katika mji wa Delft, Regnier de Graaf, alimwacha ayala akamchukua sungura, na uchaguzi huo peke yake ulikuwa nusu ya ugunduzi. Ayala huzaa mara moja kwa mwaka, naye ni mali ya mfalme. Sungura huzaa mwezi kwa mwezi, naye ni mali ya yeyote mwenye kibanda. De Graaf aliwapandisha majike, akawafungua kwa saa na siku alizozipanga mapema: huyu baada ya nusu saa, yule baada ya saa kadhaa, mwingine siku ya tatu, mwingine ya nne. Juu ya zile kokwa za jike aliona malengelenge yaliyojaa maji angavu. Baada ya kupandwa, malengelenge yalipasuka yakaacha makovu. Na siku ya tatu, katika mirija ya uzazi, akakuta vidude vya mviringo vidogo mno, ambavyo idadi yake ililingana na idadi ya makovu. Mwaka 1672 akatangaza kuwa kokwa zile ni vikapu vya mayai.

Palikuwa na kasoro moja, naye mwenyewe aliiona: vidude vya mirijani vilikuwa vidogo mara nyingi kuliko lengelenge vilimotoka. Angepewa muda pengine angelifumbua fumbo hilo, lakini alifariki mwaka 1673 akiwa na umri wa miaka 32, katikati ya ugomvi mchungu na mwenzake Swammerdam juu ya nani aliyetangulia. Miezi michache kabla ya kufa aliiandikia Royal Society ya London barua ya kumjulisha muuza nguo mmoja wa mji wake aliyekuwa akitengeneza hadubini za ajabu. Mtu huyo alikuwa Leeuwenhoek, na mwaka 1677 akaona ndani ya manii vijidudu vyenye mikia vinaogelea kwa maelfu. Hivyo de Graaf alimfungulia mlango mgeni ambaye ugunduzi wake ulikuja kulifunika yai lake: maana mbegu ya dume ilionekana, inakwenda, ina uhai, na yai la jike halijaonwa bado. Wanazuoni wakarudi shambani mwao, na wengine wakadai hata kuwa mtoto mzima amekunjamana ndani ya kichwa cha mbegu ya dume, akingoja tu pahali pa kupanda.

Yai lenyewe lilionwa mwaka 1827, katika mji wa Königsberg, ndani ya mbwa. Karl Ernst von Baer alikuwa amekwisha kuviona viinitete vya mbwa mirijani, akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta vilikotoka. Akahitaji jike aliyepandwa siku chache tu, na mwenzake Burdach alikuwa naye mmoja nyumbani, mbwa wa kufugwa, aliyetolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Von Baer alipofungua ovari aliona, kwa jicho tupu, ndani ya kila lengelenge, nukta ya manjano. Akaichokoa moja kwa ncha ya kisu, akaiweka katika kioo cha saa chenye maji, akainamia hadubini. Na alivyokuja kusimulia mwenyewe, alirudi nyuma kama aliyepigwa na radi, akaogopa kutazama tena asije akakuta ni njozi. Kitu alichokiona kina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mbwa wa Burdach hakutajwa jina.

Sungura Sita, 1890

Tangu hapo karne ilikwenda mbio. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alionyesha, kwa urumbu wa baharini, kiini cha mbegu ya dume kikiungana na kiini cha yai, wala hapakubaki shaka kuwa jike na dume huchangia. Lakini je, tumbo linalochukua mimba nalo huongeza kitu? Wafugaji wa Uingereza waliamini kuwa huongeza, na kwamba jike akipandwa mara moja na dume duni basi hata watoto wake wa baadaye hupata ila. Walter Heape, mwanazuoni wa Cambridge aliyekuwa amewahi kuwa mfanyabiashara, akaazimia kuliuliza swali hilo kwa njia ambayo hapana aliyeithubutu.

Tarehe 27 Aprili 1890 alimchukua sungura jike wa aina ya Angora, wale weupe wenye manyoya marefu ya hariri, aliyepandwa na dume wa aina yake saa 32 zilizotangulia. Katika mirija yake akatoa viinitete viwili, kila kimoja kimegawanyika vipande vinne. Akavichukua juu ya ncha ya sindano na papo hapo akavitia katika mrija wa jike mwingine, wa aina iitwayo Belgian Hare, mwenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo, aliyelazwa kwa dawa ya usingizi na ambaye saa 3 kabla alikuwa amepandwa na dume wa kwao. Kisha akashona, akangoja.

Mtu aliyewahi kushika mtoto wa sungura anajua kuwa siku ya kuzaliwa hana manyoya, ni mwekundu na kipofu, na wote hufanana. Hivyo Heape hakujua jibu lake siku ile. Ilibidi angoje manyoya yaote. Watoto walikuwa sita: wanne wa rangi ya mama aliyewazaa, na wawili weupe, wenye manyoya marefu, Angora watupu bila ya doa la mama wa kupanga. Tumbo lilikuwa limewalisha na kuwahifadhi, na halikuwabadilisha hata unywele. Ripoti aliyoipeleka Royal Society ilikuwa fupi mno, kama ya mtu anayeeleza ametengeneza saa.

Heape alikuwa ametafuta jibu la urithi, akapata kitu kikubwa kuliko alichokitafuta, walakini sidhani kama yeye wala wasomaji wake walikitambua: ya kwamba yai laweza kutoka nje ya mama na likaishi. Yeye akageukia mambo mengine, akaenda India kuchunguza hedhi ya tumbili, na mwaka 1900 akatunga istilahi ambazo waganga wa mifugo wanazitumia hata leo kuzigawa siku za jike kabla ya joto, katika joto na baada ya joto.

Panya wa Berlin na Chura wa Cape Town

Nusu ya kwanza ya karne ya ishirini ilikuwa zama za homoni. Mwaka 1917, mjini New York, Mgiriki mmoja aitwaye Papanicolaou, aliyekuwa akifanya kazi na mwanazuoni mwenzake Stockard, alikuwa akihangaika kujua bila ya kumwua simbilisi wake ni siku gani yai lake linatoka. Akabuni njia ya kufuta ute wa ukeni kila siku na kuutazama katika hadubini, akaona chembe zikibadilika umbo kwa mpango usiokosea. Njia hiyo hiyo akaipeleka kwa wanawake, na humo ndimo alimoziona chembe za saratani ya shingo ya mji wa mimba kabla haijaonekana kwa dalili. Mamilioni ya wanawake waliopimwa kwa kipimo chenye jina lake hawajui kuwa walitanguliwa kitandani na simbilisi.

Mjini Berlin, mwaka 1927 na 1928, Aschheim na Zondek waligundua kuwa mkojo wa mwanamke mja mzito ukipigwa kwa sindano katika panya majike wadogo ambao hawajabaleghe, ovari zao hukomaa na kutoa madoa ya damu ndani ya siku chache. Kwa mara ya kwanza mwanamke aliweza kujua kwa hakika, mapema, kama ana mimba. Bei yake ililipwa na panya: kila jibu, ndiyo au la, lilitaka wapasuliwe. Zondek alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimtoa kazini, na elimu yake ikahamia Jerusalem.

Ndipo Afrika ilipoingia kisani, kwa mlango ambao hapana aliyeutazamia. Katika madimbwi ya Afrika Kusini yuko chura mmoja asiye na ulimi, mwenye kucha nyeusi katika vidole vya miguu ya nyuma, aishiye majini aushi yake yote. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, aliona kuwa jike wa chura huyu akidungwa maji ya tezi ya ubongo ya ng'ombe hutaga. Na miaka michache baadaye wenyeji wa maabara ile, Shapiro na Zwarenstein, wakathibitisha kuwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba hufanya kazi ile ile. Hapakuwa tena na haja ya kisu. Chura hudungwa jioni, huwekwa katika mtungi wa kioo, na asubuhi chini ya mtungi ama pana mayai ya rangi nyeusi na nyeupe kama punje za ufuta, ama hapana. Kisha hurudishwa birikani mwake apumzike majuma kadhaa hata zamu yake ifike tena. Kwa muda wa miaka 30 hivi vyura hawa walisafirishwa kwa maelfu kutoka Rasi kwenda hospitali za Ulaya na Marekani, na walipokuja kustaafishwa na vipimo vya kemikali katika miaka ya 1960, baadhi walitoroka au wakaachiliwa, na wajukuu zao walipata kuishi katika mabwawa ya Wales na California.

Fisi wa Balbal na Tembo wa Murchison

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa wanyama wa nchi zetu walikuwa na swali lao wenyewe. Tangu zama za kale watu walisema fisi ni huntha, mwaka huu dume na mwaka ujao jike, na Aristotle alilikanusha hilo bila ya kumfikia fisi madoadoa, ambaye ndiye mwenye kustahili uvumi huo. Harrison Matthews, aliyefika Tanganyika katika miaka ya 1930, alikusanya zaidi ya fisi 100 katika uwanda wa Balbal, chini ya Ngorongoro, na mwaka 1939 akaeleza kwa utulivu jambo ambalo wachungaji wa Kimasai walikuwa wakilitazama kila siku: jike wa fisi hana mlango wa uzazi kama majike wengine, bali utupu wake umerefuka ukafanana na wa dume, na kwa njia hiyo hiyo nyembamba hupandwa, hukojoa na huzaa. Katika miaka ya 1980 watoto wa fisi walitolewa Kenya wakapelekwa California, katika chuo cha Berkeley, na kwao ikajulikana kuwa ovari za mama hutoa homoni ambayo kondo huigeuza ikawa ya kiume, ikawafikia vijusi wote, wa kike na wa kiume. Jike anayezaa mara ya kwanza hulipia umbo hilo kwa uchungu mwingi: mlango hupasuka, na watoto wengi wa uzazi wa kwanza hufa njiani.

Na Uganda, kati ya mwaka 1965 na 1967, tembo takriban 2,000 walipigwa risasi katika mbuga ya Murchison Falls kwa kuwa walikuwa wamezidi wakaimaliza miti. Mtafiti Richard Laws alizipasua ovari na miji ya mimba ya majike akahesabu makovu ya mimba, na akakuta kuwa tembo walikwisha kuanza kujipunguza wenyewe: majike walichelewa kukomaa, na nafasi baina ya ndama na ndama ilirefuka. Mnyama abebaye mimba kwa miezi 22 alikuwa akihesabu majani yaliyobaki. Lau kama bunduki zingengojea majibu ya ovari zile, pengine shauri lingekuwa jingine. Lakini majibu hayo hayakuweza kupatikana ila kwa bunduki.

Saa Zilizokosekana, 1951 hadi 1978

Sasa turudi kwa sungura. Ikiwa yai laweza kuishi nje, kwa nini lisitungishwe nje? Wengi walijaribu: yai katika kioo, mbegu za dume juu yake, na matokeo yakawa bure. Gregory Pincus alidai mwaka 1934, huko Harvard, kuwa amefaulu, magazeti yakampigia makelele ya kuumba watoto chupani, na chuo hakikumpa kazi ya kudumu. Akaondoka, akashirikiana na mwenzake Hoagland kuanzisha taasisi yao wenyewe huko Massachusetts mwaka 1944, na mwaka uliofuata akamwalika Mchina aliyesomea Cambridge, Min Chueh Chang, mtu aliyekuwa tayari kulala maabara na sungura wake.

Mwaka 1951 Chang akaikamata sababu, na katika mwaka huo huo, bila ya wao kujuana, Austin wa Australia akaikamata kwa panya: mbegu ya dume itokapo mwilini haijawa tayari. Haina budi kukaa saa kadhaa ndani ya mwili wa jike kwanza, ambamo huvuliwa kitu na kupewa kitu, ndipo iweze kulipenya yai. Basi tazama jinsi mzani ulivyopinduka: shamba lililodhaniwa linangoja tu mbegu lilikuwa ndilo linaloifanya mbegu iwe mbegu. Chang alizitoa mbegu ndani ya jike zilipokwisha kuiva, akazikutanisha na mayai nje, akavipandikiza viinitete kwa majike wengine, na mwaka 1959 wanne kati yao wakazaa watoto 15. Na kwa sungura hao hao wa taasisi ile, yeye na Pincus walikuwa wamejaribu pia dawa za kuzuia yai lisitoke. Vidonge vya kupanga uzazi vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960 vilitoka humo. Maabara moja, mnyama mmoja, ikafungua mlango wa kuzaa na mlango wa kutozaa.

Katika Edinburgh, Robert Edwards na mkewe Ruth Fowler walichoka kukesha, kwa kuwa panya hutoa mayai yao usiku. Mwaka 1957 wakaonyesha kuwa sindano mbili za homoni humfanya panya jike mzima atoe mayai mengi, kwa saa wanayoitaka wao. Edwards aliichukua kanuni hiyo kutoka kwa panya hadi kwa wanawake, akahangaika nayo miaka 20, mwishowe pamoja na wenzake Steptoe na Jean Purdy, na tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungishwa nje ya mwili.

Yai Lapanda Ndege

Wafugaji hawakungoja. Ndama wa kwanza wa kiinitete cha kuhamishwa alizaliwa Marekani mwaka 1951. Mwaka 1962 viinitete vya kondoo vilitiwa katika mirija ya sungura jike huko Cambridge, sungura akapakiwa ndege hadi Afrika Kusini, akafunguliwa, viinitete vikahamishiwa kwa kondoo wa huko, na wanakondoo wa Kiingereza wakazaliwa upande wa pili wa dunia, mizigo yote ikiwa imebebwa na kiumbe mmoja asiyezidi kilo chache. Muongo mmoja baadaye haja ya sungura ikaondoka: mwaka 1972 viinitete vya panya vilifaulu kugandishwa kwa baridi kali na kurudishwa uhai, na mwaka 1973 akazaliwa ndama aliyetoka barafuni, akaitwa Frosty.

Faida yake ikafika Nairobi. Ng'ombe aina ya N'Dama wa Afrika Magharibi huvumilia nagana, ugonjwa wa mbung'o unaowaua ng'ombe wetu, lakini kuwasafirisha wazima ni kusafirisha na maradhi mengine pamoja nao. Katika muongo wa 1980 viinitete vyao vililetwa kutoka Gambia hadi maabara ya kimataifa ya ILRAD huko Kabete, vikapandikizwa kwa majike wa Boran, na ndama wakazaliwa wakinyonya kwa mama wa kabila jingine. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, pofu alimzaa bongo, yule swala mwenye milia wa misitu ya Aberdare. Na katika taasisi ya utafiti wa nyani iliyoasisiwa na Louis Leakey mwaka 1960, na ambayo baadaye ilihamia Karen, nyani majike walisaidia kuuchunguza ugonjwa ambao wanawake wengi wameumwa nao huku wakiambiwa ni maumivu ya kawaida: utando wa ndani ya mji wa mimba unapoota nje ya mahali pake, ukavuja damu kila mwezi na kuziba uzazi. Nyani hupata hedhi kama binadamu, naye huupata ugonjwa huo wenyewe, bila ya kusababishiwa na mtu.

Laikipia

Mwezi wa Desemba 2009 vifaru wanne walishushwa katika hifadhi ya Ol Pejeta, chini ya Mlima Kenya, wakitoka bustani ya Dvůr Králové ya Ucheki. Walikuwa miongoni mwa vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Wale wa mbugani, katika Garamba ya Kongo, majangili walikuwa wamekwisha kuwamaliza. Ilitarajiwa kuwa jua na majani ya Afrika yatawarudishia haja ya kuzaa. Hayakuwarudishia. Dume Suni alikufa mwaka 2014, dume Sudan akafuata tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45, na wakabaki majike wawili: Najin, binti wa Sudan, na Fatu, binti wa Najin.

Walipopimwa ilionekana kuwa hawawezi kubeba mimba. Miguu ya nyuma ya Najin haina nguvu ya kustahimili uzito, na mji wa mimba wa Fatu umeharibika. Hili la pili si nasibu: watafiti wa Berlin walikwisha kuona katika bustani za Ulaya na Marekani kuwa kifaru jike akaaye miaka mingi bila ya kuzaa huota uvimbe na malengelenge katika mji wa mimba, kwa kuwa kila mzunguko unaopita bure huacha alama yake. Mayai, hata hivyo, yalikuwamo.

Tarehe 22 Agosti 2019 Thomas Hildebrandt, mmoja wa watafiti hao wa Berlin, na wenzake waliwalaza mama na binti kwa dawa ya usingizi. Ovari za kifaru ziko ndani mno, mkono wa mganga wa mifugo haufiki. Hivyo chombo kirefu chenye kipimo cha mawimbi ya sauti na sindano kilipitishwa kwa njia ya haja kubwa, na mkono ukafuata picha ya kiwambo, kando ya mishipa mikubwa ya damu ambayo ikitobolewa kwa bahati mbaya mnyama hufa. Yakapatikana mayai 10, matano kwa kila mmoja. Usiku ule ule yakasafiri kwenda Cremona, Italia, katika maabara ya Avantea, na saba yakakomaa. Mbegu ya Suni, iliyogandishwa angali hai, ikadungwa ndani ya mayai ya Fatu, na viinitete viwili vikasimama. Ya Najin hayakuendelea. Mwaka 2021 Najin akapumzishwa kwa sababu ya umri wake na uvimbe ulioonekana tumboni, baada ya watu kukaa na kuulizana kwa dhati kama ni haki kumlaza tena. Fatu akaendelea peke yake.

Viinitete vya Fatu ni adimu kiasi kwamba hapana aliyethubutu kuanza navyo. Ilipasa kwanza kujifunza kwa viinitete vya vifaru weupe wa kusini, ambao wako kwa maelfu. Tarehe 24 Septemba 2023 viwili vilitiwa katika jike wa kusini aliyeitwa Curra. Mwezi wa Novemba mvua kubwa zilifumua udongo wa zizi, zikafukua vijidudu vilivyolala ardhini, na Curra akafa, naye dume wa zizini akafa. Walipompasua walikuta kijusi cha dume, chenye urefu wa sentimita 6.4 na umri wa siku 70, kimekamilika viungo. Kwa hivyo ilitangazwa mwezi wa Januari 2024, kwa furaha na msiba katika tangazo moja, kuwa kifaru amepata kushika mimba ya kiinitete cha kupandikizwa.

Yule dume aliyekufa alikuwa na kazi yake. Mashine zote zile haziwezi kukaa uwandani usiku na mchana kuijua siku ambayo jike wa kupangisha mimba yuko tayari, na kiinitete kikiwekwa kabla ya siku au baada yake hupotea. Hivyo zizini huwekwa dume aliyefungwa uzazi, asiyeweza kutia mimba lakini mwenye pua isiyodanganyika. Na nje ya uzio hukaa mlinzi, pengine na daftari gotini, akitazama kama leo dume ameacha majani, kama amfuata jike, kama jike amesimama.